KMRU ni nani? Jamaa wa Nai anayegeuza mvumo wa stima kuwa ngoma

Mtajie guka wako jina Joseph Kamaru uone. Kama ni msee wa Murang'a, Kiambu ama Nyeri, utaimbiwa hapo hapo, na gitaa atapiga kwa mdomo. Sasa mwambie kuna Joseph Kamaru mwingine, mjukuu wa huyo huyo, na ngoma zake hazina gitaa, hazina drum, nyingi hazina hata neno moja, na kuna moja inaenda dakika 52 bila kukatika. Atakuangalia vibaya.

Lakini huyo jamaa ako. Anaitwa KMRU, ambayo ni Kamaru tu, vokali zimetolewa. Alizaliwa Nairobi 1997, saa hii base yake ni Berlin, Ujerumani. Kwa ile dunia ya muziki wa elektroniki wa kuskiza, si ule wa kudensi, hili ni jina kubwa. Ameshapiga shoo kwa tamasha kama CTM na Atonal, zote za Berlin, na ameshafungulia bendi ya Big Thief ya Marekani. Ingia mat yoyote ya Nai leo uulize nani anamjua. Nadhani utashuka na jibu moja tu: "Kamaru yupi, yule wa benga?"

So hii ni ya kukusaidia. Ukimaliza kusoma utajua huyu msee ni nani, anafanya nini, na kwa nini kazi yake inakuhusu hata kama wewe ni mtu wa gengetone na arbantone tu.

Kwanza, hiyo ni ngoma ama ni kelele?

Swali la haki. Muziki wake unawekwa kwa kapu la ambienti: sauti ndefu zinazotembea polepole, zinapanda, zinashuka, zinaingiliana. Hakuna kiitikio. Hakuna ile dakika DJ anapandisha mikono. Kitu cha kwanza utaskia ni kama upepo, halafu baada ya dakika tatu unagundua ndani ya huo upepo kuna watu wanaongea, ama ndege, ama gari inapita mbali.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. KMRU hutembea na rekoda. Anarekodi barabara, soko, mvua, mabati, watoto, chochote. Halafu anaingia kwa kompyuta na kuanza kufinyanga. Kuna njia moja inatumika sana kwa muziki wa aina hii: unachukua sauti, unaikata vipande vidogo vya sehemu ndogo ya sekunde, kisha unavipanga upya maelfu kwa maelfu, vikiwa vimelaliana. Honi ya nganya ya sekunde moja inaeza nyooshwa hadi ikawa wingu la dakika tano. Haitambuliki tena, lakini ile rangi yake inabaki. Ukiwa umekulia Nai, masikio yako yanaijua hata kama kichwa hakijui.

Na usidhani ni kazi ya kubonyeza tu na kwenda kulala. Kazi ngumu hapa ni kuskiza. Mtu anaweza kurekodi masaa mengi ya kelele za mtaa na apate dakika mbili za maana.

Hadithi ya guka

Huwezi kuelewa KMRU kama unaruka guka wake, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Joseph Kamaru mkubwa alizaliwa 1939 huko Kangema, Murang'a, akaingia Nairobi 1957 kutafuta kazi kama vijana wengine wote. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini alikuwa moja kati ya sauti kubwa kabisa za muziki wa Kikuyu. Na hakuwa msanii wa kuimba mapenzi tu. 1969 alitoa "Ndari ya Mwalimu", ngoma kuhusu walimu wanaotongoza wanafunzi. Walimu walichemka, hadi wakatishia mgomo. 1975 J.M. Kariuki, mbunge aliyekuwa anaisema gava waziwazi, aliuawa, na Kamaru akatoa wimbo juu yake. Redio ya taifa haikuucheza. Baadaye alikuwa karibu na Moi, halafu wakakosana wakati wito wa vyama vingi ulianza kusikika na Kamaru akawa upande wa hao wanaoita. 1993 akaokoka na kuhamia injili. Alifariki Oktoba 2018, akiwa na miaka 79, ameacha mamia ya nyimbo.

Sasa shida iko hapa. Hizo nyimbo ziko wapi?

Enzi hizo ngoma ilikuwa inatoka kwa santuri ndogo, upande mmoja dakika tatu hivi, na wimbo mrefu unakatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili unageuza. Halafu zikaja kanda. Halafu zikaja nakala za kanda, na nakala za nakala, za River Road, ambazo hazikumletea msanii hata shilingi. Santuri zikaishia kwa masanduku ya watu, zingine zikachubuka, zingine zikatupwa wakati familia inahama. Zikibaki, zinabaki kwa wakusanyaji wa majuu wanaozinunua kwa bei ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona. Wazee wengi wa muziki wa hii nchi waliishia hivyo: jina kila mtu anajua, nyimbo hakuna mtu ako nazo.

Baada ya guka kufariki, ni mjukuu aliingia kwa hiyo kazi. Amekuwa akizihamisha zile rekodi kwa kompyuta, anasafisha sauti, halafu anaziweka kwa Bandcamp, mahali unaeza nunua na doh iende kwa familia. Si kazi ya sifa. Hakuna mtu anakupigia makofi ukikaa usiku kucha ukitoa mikwaruzo kwa santuri ya miaka hamsini. Lakini angalia vile inafanana na ile kazi yake nyingine. Kote anafanya kitu kimoja: anaokota sauti ambazo wengine waliziacha zipite.

Ukiwa Mkikuyu unajua majina ya guka hurudi kwa wajukuu. Huyu amerudishiwa jina na mzigo pia.

2020: mwaka alilipuka wakati kila mtu amefungiwa

Kabla ya Berlin alisoma muziki Kenyatta University, huku anatoa ngoma zake mwenyewe. Vitu vya hizo siku, 2017 hadi 2019, vilikuja kukusanywa kwa albamu inaitwa "Logue", iliyotoka 2021 kwa lebo ya Injazero. Iskize ukitaka kujua alianzia wapi. Bado kuna melodi za kushika hapo, bado unaeza tingisha kichwa.

Halafu ikaja 2020. Korona, kafyu, dunia imesimama. KMRU akatoa "Opaquer" kwa lebo inaitwa Dagoretti Records (hilo jina tu linanibamba), akatoa "Jar", na akatoa "Peel".

"Peel" ndiyo ilibadilisha mambo. Alikuwa ametuma kazi yake kwa Peter Rehberg, mwenye lebo ya Editions Mego, moja ya lebo zinazoheshimiwa sana kwa elektroniki ya majaribio. Rehberg akaskia, akaitoa. Ni albamu ndefu, tulivu, na ilitua kwa masikio ya watu wakiwa kwa nyumba, magari hayapo, miji imenyamaza kwa mara ya kwanza. Wakati haungekuwa mzuri zaidi, ingawa hakuna mtu aliupanga.

Mwaka huo huo akahamia Berlin kusomea sanaa za sauti, digrii ya pili, kwa Universität der Künste. Na Julai 2021 Rehberg akafariki. Ile albamu ya kufuata "Peel" ambayo walikuwa wameiongelea ilichukua muda. Ilitoka 2025, inaitwa "Kin", kwa lebo ile ile.

Stima ya Nai na stima ya Berlin

Hapa ndipo napenda sana, kwa hivyo nivumilie.

Unakumbuka enzi za kabambe, ukiweka simu karibu na subufa, spika inaanza kupiga "tit-tit-tit" sekunde chache kabla simu iingie? Ulikuwa unajifanya mganga: "Mtu anapiga!" Kile ulikuwa unaskia si uchawi. Simu ilikuwa inatupa mawimbi kwa vipande vya haraka, mara 217 hivi kwa sekunde, na waya za spika zikayadaka kama antena. Hayo mawimbi yalikuwepo hewani siku zote. Subufa iliyageuza tu yakawa kitu sikio linaeza shika.

Kuna maikrofoni zinazofanya hiyo kazi makusudi. Ndani yake kuna waya umezungushwa, na badala ya kudaka hewa inayotikisika kama maikrofoni ya kawaida, inadaka uga wa sumaku unaotoka kwa kitu chochote kinachotumia stima. Ni ndugu ya ile pikapu ya gitaa la umeme. Ukiisogeza kwa chaja, inalia. Kwa laptopu, inalia tofauti. Kwa transfoma, inanguruma. KMRU alianza kutembea na hizo.

Alipoland Berlin kitu kilimshtua: usiku kule ni kimya. Nai hata saa tisa usiku kuna mbwa, kuna mat ya mwisho, kuna keshaa ya kanisa fulani, na juu ya kichwa chako kuna nyaya za stima zinavuma. Berlin nyaya zimezikwa chini ya ardhi. Mji umefunikwa. Ndiyo akaanza kurekodi kile masikio hayaskii, akilinganisha huo ukimya na mlio wa nyumbani. Kazi ilianza 2022, akawa anaipiga kwa shoo ikikua polepole, na 2024 ikatoka kwa lebo ya Touch ya Uingereza: "Natur". Hiyo ndiyo ngoma ya dakika 52 niliyokuambia.

Ukiiskiza utapata milio ya mashine inakaa kama wadudu, na sauti za nje zinakaa kama mashine, hadi unashindwa kutenganisha. Watu huongea kuhusu asili kama ni msitu na mto tu. Kwa mtoto wa Nai, mvumo wa waya wa stima ni asili. Uliupata hapo ulipozaliwa.

Na kuna kitu kingine, hii ni yangu, usimwekee yeye. Stima ya Kenya inabembea mara 50 kwa sekunde. Ya Ujerumani pia ni 50. Huo mvumo ukiupima kwa kinanda uko karibu kabisa na noti ya G, ile ya chini sana. Kumaanisha Nai na Berlin zinavuma noti moja. Ukienda Marekani ni 60, noti inapanda karibu na B. Sasa wewe fikiria msee ametoka Nai, amekaa kwa keja yake Berlin, kila kitu ni kigeni, lugha ngumu, baridi kali, lakini ndani ya ukuta stima inaimba ile noti ya nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya "Natur" alikuwa ametoa "Dissolution Grip", 2023, ya kwanza kwa lebo yake mwenyewe inaitwa OFNOT. Hapo alicheza mchezo tofauti. Unajua vile sauti inaonekana kwa skrini ya kompyuta, ile mistari ya milima na mabonde? Alichukua michoro ya rekodi zake za nje akaisoma kama msomaji wa noti, kisha akapiga kile mchoro unasema kwa sinthesaiza. Kwa hivyo mahali pako ndani ya ngoma, lakini rekodi ya hapo mahali haipo. Kusema ukweli, wazo ni tamu kuliko baadhi ya dakika za albamu yenyewe, lakini zile dakika zake nzuri ni noma.

Sauti zilizofungiwa Ubelgiji

Sasa rudi kwa zile santuri za guka, ndiyo uelewe hii kazi nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Nje kidogo ya Brussels kuna mji unaitwa Tervuren, na huko kuna jumba kubwa la makumbusho la Afrika ya Kati. Historia yake si nzuri. Lilitokana na maonyesho ya 1897 ya Mfalme Leopold wa Pili, yule aliyeifanya Kongo shamba lake binafsi. Kwa hayo maonyesho waliletwa Wakongo 267 wakawekwa kwa vijiji vya maigizo ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa huko.

Ndani ya hilo jumba kuna vinyago, ngoma, marimba, na kuna rekodi. Watu wa Kongo, Rwanda, Burundi na kwingine wakiimba na kupiga vyombo, waliorekodiwa na Wazungu wa enzi za ukoloni na baadaye. Kwa hifadhi kama hizo mara nyingi utapata jina la aliyeshika mashine, na aliyeimba ni "mwanamume wa kabila fulani". Basi.

KMRU aliingia kwa hizo rekodi akaskiza, halafu akatengeneza "Temporary Stored", iliyotoka 2022. Jina lenyewe linamaanisha kitu kimewekwa kwa muda tu, na hapo ndipo kuna kisu: muda gani? Ndani yake zile sauti za zamani zinatokea na kupotea, zimefunikwa na sinthesaiza na rekodi zake mwenyewe. Hazichezwi kama sampo za kuwekea biti. Hajazifanya tamu. Kuna wakati unaskia mtu anaimba kama ako chumba cha pili na mlango umefungwa, na huna vile utaufungua.

Yeye kama mjukuu wa Kamaru ana bahati ambayo wengi hawana. Santuri za guka wake zilichubuka, ziliibiwa nakala, lakini anajua ni za nani, na familia iko na haki ya kuziuza. Mjukuu wa yule mama aliyeimba mbele ya mashine ya Mbelgiji labda ako Bukavu ama Goma saa hii, na hajui kwamba sauti ya nyanya yake iko kwa rafu Ulaya. Hata akijua, ataomba viza kwenda kuiskia?

2024 alirudi kwa swali hilo hilo, lakini si peke yake. "Temporary Stored II" inaleta wasanii wengine wenye asili ya Afrika kujibu hifadhi kama hizo: Aho Ssan, Lamin Fofana, Jessica Ekomane, na Nyokabi Kariũki. Huyo wa mwisho mweke kichwani. Ni mtunzi wa Nairobi pia, na 2022 alitoa "peace places: kenyan memories", kazi ndogo tamu sana ya sauti za nyumbani, na Kiswahili utakikuta ndani. Kama KMRU anakupa usingizi, jaribu Nyokabi kwanza.

Kuna zingine sijagusa. "Limen" ya 2022 alifanya na huyo Aho Ssan wa Paris, na hiyo si ya kulala kabisa, ni kama jengo linaanguka polepole. "Disconnect" ya 2024 alifanya na Kevin Richard Martin, Mwingereza anayejulikana pia kama The Bug, na hapo utaskia KMRU akiongea kwa sauti yake, besi ikiwa chini kama lori limeegeshwa nje.

Uanzie wapi?

Usianze na "Natur". Utaboeka dakika ya nne, uniletee matusi. Anza na "Logue" kama bado unahitaji melodi, halafu "Peel" usiku, taa zimezimwa. "Temporary Stored" iweke siku uko na kichwa kimetulia.

Na tafadhali, si kwa spika ya simu. Spika ya simu haiwezi kutoa zile sauti za chini kabisa, kwa hivyo nusu ya ngoma haitakufikia, halafu utasema jamaa ni bure. Hedifoni yoyote ya kufunika sikio itakutosha, hata zile za bei ya mtaa. Ukiwa nazo, jaribu pia hii: zivae ukiwa kwa mat, sauti iwe ya kati, uache makelele ya nje yaingie. Kuna mahali hautajua kondaa anayeita "mbao, mbao" ako ndani ya ngoma ama nje.

Kwa upande wa doh: ngoma zake ziko Bandcamp, za guka pia ziko Bandcamp, kwa peji yake. Ukinunua moja ya mjukuu, ongeza moja ya guka. Kama hauskii Kikuyu tafuta msee wa Murang'a akutafsirie, lakini mwambie asikufiche kitu, kwa sababu Kamaru alikuwa anasema mambo kwa mafumbo na yale makali ndiyo watu wazima huruka.